Vidole vya zinki: kwa nini protini za aina moja, huyu anawasha jeni na yule anazima?

HadubiniUjiji

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mtu wa maabara, kituo cha afya huku Kigoma. Si daktari wala si mtafiti. Kazi yangu ni malaria, mkojo, choo na wingi wa damu, na siku hizi sikoseli nayo haikosi. Swali langu linaanzia hapo ila linaishia mbali kidogo, nivumilieni.

Kuna mama mmoja anauza mawese upande wa Mwandiga, ana watoto wawili wenye sikoseli. Mkubwa ni mtu wa kulazwa. Alianza kuvimba viganja na nyayo akiwa na miezi saba, ameshaongezewa damu, mvua zikianza tu mama anajua kinachofuata. Mdogo anacheza mpira na wenzake kutwa nzima.

Slaidi zao nilizitengeneza mwenyewe. Tone la damu, tone la sodiamu metabisalfaiti niliyoichanganya asubuhi ileile (ikilala haifai), kioo cha kufunikia, kingo nikaziba kwa rangi ya kucha ili hewa isiingie. Baada ya muda seli za wote wawili zilikuwa zimejipinda, ncha zimechongoka huku na huku. Kwa kuangalia tu huwezi kusema huyu ni wa wodini na huyu ni wa uwanjani. Slaidi haitenganishi AS (mbebaji) na SS (mgonjwa), kwa hiyo sampuli zilipelekwa kwenye elektroforesisi, kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini. Zikarudi SS wote, ila kwenye fomu ya mdogo mtu ameandika pembeni kwa kalamu: HbF iko juu. Namba hakuna.

Mama akaniuliza mawili. Mbona mkubwa alizaliwa mzima akakaa hivyo miezi yote ile kabla ya kuugua? Na mbona mdogo haumwi kama kaka yake? La kwanza nilimjibu: mtoto huzaliwa na himoglobini ya tumboni, HbF, isiyojua mambo ya kujipinda. Ikipungua, ya ukubwani inashika nafasi, na kwa hawa ya ukubwani ndiyo yenye kasoro. La pili likanikalisha usiku na simu.

Nikakuta kwamba anayeizima jeni ya himoglobini ya tumboni ni protini inaitwa BCL11A, ina vidole vya zinki. Nikasonga mbele, KLF1: vidole vya zinki, hii inawasha jeni ya ukubwani. Nikasonga tena, GATA1: vidole vya zinki vya aina nyingine, inawasha huku na kuzima kule. Sasa kama wote wana mikono ya ukoo mmoja na wote wanaishika DNA, nani anaamua huyu awe wa kuwasha na huyu awe wa kuzima? Ni zinki? Ni DNA yenyewe?

Natanguliza shukrani.

---

Kalinzi_Boy

Shikamooni wakubwa. Mimi niko kidato cha sita, PCB. Sisi tumefundishwa opereni ya laktosi ya bakteria: represa, yaani protini ya kuzima, inakalia DNA, polimerasi (mashine ya kunakili jeni) ikija inakuta njia imezibwa, basi. Si ndiyo hiyohiyo?

---

MzeeWaJeli

Marahaba kijana. Dada Hadubini, salaam kutoka Tabora. Nilifundisha baiolojia ya molekuli kwa muda mrefu kabla sijarudi nyumbani kwenye mizinga ya nyuki, kwa hiyo muda ninao na maneno ninayo.

Nianze na kidole chenyewe, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hupita haraka. Kidole kimoja ni kipande cha protini chenye asidi amino kama 30 tu. Katika aina iliyo ya kawaida zaidi, sisteini mbili na histidini mbili zinaikamata atomu moja ya zinki, kipande kizima kinajikunja kuizunguka, na upande mmoja inabaki heliksi fupi inayoingia kwenye mfereji mpana wa DNA na kupapasa herufi. Zinki haisomi chochote. Kazi yake ni kushikilia umbo. Ukiitoa, kidole kinalegea na hakishiki kitu. Kwa hiyo sehemu moja ya swali lako imejibika: si zinki.

Vidole hivi vilitambuliwa mwaka 1985 na Aaron Klug na wenzake kule Cambridge, kwenye TFIIIA, protini ya mayai ya chura wetu wa Afrika, *Xenopus laevis*. Ilikuwa na vidole 9 vimefuatana. Mwaka 1991 Nikola Pavletich na Carl Pabo wakaonyesha kwa fuwele protini nyingine, Zif268, ikiwa imeishika DNA: vidole 3, kila kimoja kinagusa herufi kama 3. Badilisha asidi amino chache kwenye heliksi, na mahali protini inapokwenda kushika panabadilika.

Sasa chukua kalamu. Vidole 3 vinasoma herufi 9. Mipangilio yote ya herufi 9 ni 4 kwa kipeo cha 9, yaani 262,144. Jenomu yetu ina herufi kama bilioni 3. Gawanya, utaona kwamba anwani ileile, kwa bahati tu, itajitokeza zaidi ya mara 11,000. Protini haiwezi kuwa inawasha au kuzima kila mahali hapo. Sehemu kubwa ya DNA imesokotwa kwenye histoni, protini zilizo kama vigurudumu vya uzi, na haifikiki, na palipo wazi bado panahitaji majirani wa kusaidiana nao. Vidole vinatafuta mahali, na hata hilo havilifanyi peke yao.

Anayeamua kuwasha au kuzima ni ile sehemu nyingine ya protini, isiyo vidole, na watu inaokuja nao. Mwenyekiti wa mtaa anazijua nyumba zote. Akija kwako na fundi wa kuunga umeme, utawaka. Akija na watu wa kukata, utalala giza. Nyumba ni ileile na mwenyekiti hajabadilisha hata shati.

KLF1 ina vidole 3 mkiani, vinashika herufi CACCC kwenye promota (kipande cha DNA ambapo kunakili jeni huanzia) ya beta, jeni ya himoglobini ya ukubwani. Sehemu yake ya mbele inaita p300 na CBP, vimeng'enya vinavyobandika vikundi vya asetili kwenye histoni. Histoni zikibandikwa hivyo, mshiko wake kwa DNA unalegea, na protini nyingine zinapata mahali pa kutua. Pia inaita mashine za kusogeza histoni kando. Kinachobaki ni polimerasi kushuka na kuanza kunakili. BCL11A ni kinyume: inaita kundi linaloitwa NuRD, ndani yake mna HDAC1 na HDAC2 za kubandua asetili, na CHD4 ya kupanga upya histoni. Promota inafungwa. Kwa hiyo, dada, promota haijui kwamba imezimwa. Imefungwa tu, na mashine ya kunakili haipati pa kukaa.

Kijana wa Kalinzi, represa yako ya bakteria inaziba njia kwa mwili wake. Kwetu hilo nalo lipo, nitalirudia hapo chini maana kwenye jeni hii limekaa vizuri mno. Ila bakteria hana histoni. DNA yake iko wazi tangu mwanzo, kazi ni kuizuia. Yetu kwa kawaida imefungwa, na kuwasha ni kazi ya kufungua kwanza.

---

BintiKibirizi

Kaka MzeeWaJeli, samahani naingilia. Mimi nina mtoto wa hali hiyo. Watoto wakiharisha tunapewa zinki na maji ya chumvichumvi. Kuna mtu hapa sokoni anauza vidonge vya zinki anasema vinaamsha damu nzuri kwa wenye sikoseli, "vinaenda mpaka kwenye jeni". Nisome mlivyoandika hapa kama anasema kweli?

---

MzeeWaJeli

Hapana, mama. Zinki ya kuharisha ina kazi yake na mtoto akiharisha mpe kama ulivyoelekezwa kituoni. Lakini vidole vya BCL11A ya mwanao tayari vina zinki yake, na vingekuwa na zaidi visingebadilika. Tena fikiri: anayezima naye ana zinki, anayewasha naye ana zinki. Kidonge kitajuaje kimsaidie nani? Huyo muuzaji mwache, hela nunulia mtoto samaki.

---

HadubiniUjiji

Mama Kibirizi, na dawa za kila siku za kliniki usiache, hata akionekana mzima.

Mzee, umesema "hapo chini". Tunasubiri. Na GATA1 hujaigusa.

---

MzeeWaJeli

Nilikuwa nakula. Haya.

Promota ya gama, yaani jeni ya himoglobini ya tumboni, ina mahali pamoja panapostahili kuangaliwa herufi kwa herufi. Hatua kama 115 kabla ya jeni kuanza pameandikwa TGACCAAT. Isome taratibu. BCL11A inasoma TGACCA, kwa vidole vyake, cha nne hadi cha sita. Sasa soma tena kuanzia katikati: CCAAT. Hizo ni herufi zinazopendwa na NF-Y, protini isiyo na vidole vya zinki, ambayo inawasha. Herufi CCA ni za wote wawili! Tena maandishi hayohayo yamejirudia hatua kama 88 kabla ya jeni. NF-Y ikikaa kwenye hilo la karibu, BCL11A haipati nafasi ya kutosha kwenye lile la mbali, na BCL11A ikitangulia, NF-Y inasukumwa nje. Kwa mtoto tumboni BCL11A kwenye seli zinazotengeneza damu ni kidogo, NF-Y inakaa raha mustarehe. Baadaye BCL11A inaongezeka. Kwa hiyo huyu anazima kwa njia mbili kwa mpigo: anamnyima mwenzake kiti na anawaleta NuRD wafunge. Kijana, represa yako hiyo hapo.

Kuna watu duniani wanaobaki na HbF nyingi hadi uzeeni, na baadhi yao wamebadilika herufi moja tu. Badiliko mojawapo, lililopatikana Ugiriki, liko kwenye nafasi ya 117 (hatua 117 kabla ya jeni), linaharibu pale pale BCL11A inaposhika. Wengine wamebadilika kwenye nafasi ya 200 hivi, hapo anakaa mzimaji mwingine, ZBTB7A, naye ni wa vidole vya zinki. Yalithibitishwa hayo mwaka 2018. Mimi ninayeyapenda zaidi ni ya nafasi ya 198, T kuwa C, yaliyopatikana Uingereza: yanatengeneza anwani mpya ya KLF1. Mwashaji wa jeni ya ukubwani anakuta mlango wa kuingilia kwenye jeni ya utotoni, anaingia, anaiwasha. Herufi moja kati ya bilioni 3.

Sasa GATA1. Kwenye seli za damu nyekundu inawasha jeni za globini, na kwenye seli zilezile inazima GATA2 na KIT, jeni za ujana wa seli ambazo muda wake umepita. Ikitembea na mwenzake FOG1, kwenye baadhi ya jeni wanaita NuRD. Ikiwa na wengine kama TAL1, inawasha. Kama bado unadhani sifa ya kuwasha au kuzima imeandikwa kwenye protini kama kabila, angalia YY1, ya vidole 4. Mwaka 1991 ilionyeshwa ikizima promota moja ya kirusi, inaitwa P5. Ikaletwa protini ya kirusi kingine, E1A, na YY1 ileile, pale pale iliposhika, ikawa inawasha. Ndiyo maana huwa nakasirika nikiona vitabu vinagawa protini hizi kwenye safu mbili, "washaji" kushoto na "wazimaji" kulia. Mwanafunzi anakariri, anafaulu, hajui kitu.

Nikiri kwamba wapo ambao kweli wamezaliwa wazimaji. Binadamu ana zaidi ya jeni 700 za protini za vidole aina ya TFIIIA, na karibu nusu yake zina kipande kinaitwa KRAB. KRAB inamwita KAP1, KAP1 anamwita SETDB1 anayeweka alama ya methili kwenye histoni, na HP1 anakuja kukaza. Wengi wa hao wanalinda jenomu dhidi ya mabaki ya virusi vya kale. Hao tuwaache, hawahusiki na watoto wa Mwandiga.

---

Kalinzi_Boy

Mwalimu, kwa hiyo kama KLF1 inawasha ya ukubwani, ukiipunguza KLF1 si unapunguza damu tu? Inakuwaje nimesoma kuna watu wenye KLF1 pungufu wana HbF nyingi?

---

MzeeWaJeli

Kijana, wewe utafika. KLF1 inawasha pia jeni ya BCL11A. Ndiyo mnyororo: KLF1 inawasha mzimaji, mzimaji anazima gama. Mwaka 2010 familia moja ya Malta ilieleza hilo vizuri, nakala moja ya KLF1 yao imeharibika, BCL11A ikashuka, HbF ikabaki juu. Nakala ya pili ilitosha kazi nyingine. Kwenye mtihani wakiuliza "KLF1 ni activator au repressor wa gama", waulize wewe: moja kwa moja au kwa kupitia mtu?

---

Nesi_Urambo

Nimefuatilia kimya. Naomba kuuliza la hela. Nimesikia wazungu wanaponya sikoseli kwa kukata jeni. Ni hiyo BCL11A?

---

MzeeWaJeli

Ndiyo, ingawa hawaiharibu jeni nzima. BCL11A ina kazi pengine, kwenye ubongo na kwenye seli za kinga, huwezi kuivunja hovyo. Ila ndani ya jeni hiyo kuna kipande cha DNA kinachoichochea kwenye seli za damu nyekundu peke yake, na katikati yake pana herufi za kushikwa na GATA1. Wanachukua seli za mgonjwa za uboho, wanakata hapo kwa CRISPR (mkasi wa kukata DNA mahali palipochaguliwa), GATA1 inakosa pa kushika, BCL11A inashuka kwenye damu nyekundu, gama inarudi. Dawa inaitwa Casgevy, iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba mwaka huohuo. Ona mpangilio: kidole cha kuwasha kinanyimwa mahali ili kidole cha kuzima kisizaliwe ili jeni iwake.

Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2, zaidi ya bilioni 5 za kwetu. Na kabla ya kurudishiwa seli hizo, mgonjwa anapewa dawa kali ya kuua uboho wake wa zamani. Sisi kwa sasa tuna haidroksiyurea. Hiyo nayo inapandisha HbF, kwa njia ya kuzunguka, si kwa kumshika BCL11A mkono. Ni kidonge, na kinafanya kazi.

---

Nesi_Urambo

Bilioni tano. Haya, tuendelee na kidonge.

---

HadubiniUjiji

Mzee, nimeelewa, na nimechora kwenye daftari la rejista nyuma. Sasa turudi kwa mdogo. Baba mmoja, mama mmoja. Nimwambie mama amerithi nini ambacho kaka yake hakurithi?

---

MzeeWaJeli

Usimwambie kwa uhakika, maana hatujapima jeni zake. Unachoweza kusema ni hiki: ugonjwa wameurithi sawa, kutoka kwa wazazi wote wawili. Lakini kiasi cha HbF kinarithiwa mahali pengine kabisa. Jeni ya beta na zile za gama ziko kwenye kromosomu ya 11, BCL11A iko kwenye ya 2. Zinagawanywa kila moja kivyake. Mtoto mmoja anaweza kupata aina ya BCL11A inayofanya kazi kwa ulegevu kwenye damu nyekundu, mwingine akapata iliyo imara. Na hili si la Ulaya tu. Watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Uingereza walichapisha mwaka 2011 kwamba tofauti kwenye BCL11A, na kwenye sehemu moja ya kromosomu ya 6, zinaendana na kiwango cha HbF kwa wagonjwa wa Tanzania pia.

Himoglobini yenye gama haijiungi kwenye zile kamba ngumu zinazoipinda seli. Ikiwa ya kutosha ndani ya kila seli, kamba zinachelewa, na seli inapita kwenye mshipa mwembamba kabla haijajipinda. Kwenye slaidi yako ulizinyima seli oksijeni na ukasubiri, ndiyo maana hukuona tofauti.

Mdogo ana umri gani? Kama ni mchanga, HbF yake huenda bado inashuka, na hiyo "iko juu" ya kalamu haina maana kubwa.

---

HadubiniUjiji

Ana minne. Mkubwa saba. Mkubwa ameandikiwa haidroksiyurea, mama hajaenda kuichukua bado, anaogopa. Mdogo hana dawa zaidi ya foliki.

---

MzeeWaJeli

Basi chukua sampuli za wote wawili wiki hii, kwenye chupa ya EDTA (dawa ya kuzuia damu kuganda), zikae baridi ila zisiwe barafu, na uombe kipimo cha HPLC kinachotoa asilimia ya HbF. Andika kwenye fomu mkubwa aliongezewa damu lini. Kama ni karibuni, sehemu ya utakachopima ni damu ya mtu mwingine. Dawa ikishaanza, hutajua tena ipi ni HbF ya kuzaliwa nayo na ipi imeletwa na kidonge. Lakini sampuli ikichelewa kwa sababu ya usafiri, mama achukue dawa hivyohivyo. Asisubiri udadisi wetu.

---

HadubiniUjiji

Gari la sampuli linatoka Alhamisi. Kesho namwita aje nao wote.